Mkimbizi asiyeeleweka hajapata kimbilio

Katika lugha yetu ya Kiswahili, neno mkimbizi na neno kimbilio ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yamezaliwa na kitenzi kimbia. Wanafunzi wa isimu watakumbuka kwamba kitenzi hicho hapo kale kilikuwa na sauti ya l ambayo imedondoka katika matamshi ya leo, lakini haikupotea kabisa. Katika kimbilia inaonekana yenyewe, na mbele ya irabu i inayomtambulisha mtenda inageuka kuwa z. Ndivyo lea inavyotupatia mlezi, okoa ikatupatia mwokozi, na kimbia ikatupatia mkimbizi. Waliotuachia lugha hii hawakumtenga mtu anayekimbia na mahali anapokimbilia. Lakini liko jambo linaloweza kumtenga mkimbizi na kimbilio lake hata baada ya kuvuka mpaka, kuandikishwa na kupewa hema. Jambo hilo ni lugha, na ndilo ninalotaka tulijadili.

Aghalabu tunapozungumza juu ya huduma kwa wakimbizi, fikira zetu huenda kwenye vitu vinavyohesabika: magunia ya nafaka, mitungi ya mafuta, blanketi, maturubali na visima. Sivipuuzi vitu hivyo. Mwaka 2025, misaada ya kimataifa ilipopunguzwa na mgao wa chakula ukapungua sana Kakuma na Dadaab, sote tuliona jinsi tumbo tupu linavyoweza kuvuruga kila mpango. Hata hivyo, kila huduma hupitia katika mlango wa mazungumzo. Mgonjwa hatibiwi kabla ya kueleza anapoumwa. Anayeomba hifadhi hapewi kabla ya kusimulia kilichomfukuza kwao. Mtoto hafundishiki kabla ya kuelewa anachoambiwa na mwalimu. Mlango huo ukifungwa, yaliyomo ndani ya ghala hayana faida kubwa.

Nchi yetu haikuanza jana kazi ya kupokea wageni wa aina hii. Kenya iliridhia Mkataba wa mwaka 1951 Kuhusu Hali ya Wakimbizi mnamo 1966. Wimbi kubwa lilikuja serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, na hapo zikaanzishwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera katika eneo la Dadaab. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa katika nchi ya Waturkana, na miongoni mwa waliofika kwanza walikuwamo maelfu ya wavulana kutoka kusini mwa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu safari ya kutisha. Leo wakimbizi na waomba hifadhi nchini wamepita 800,000. Wengi wanatoka Somalia, wakifuatwa na wa Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Ethiopia, na wapo pia Warundi, Wanyarwanda, Waeritrea na Waganda. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilileta mwelekeo mpya wa kuwatazama kama watu wanaoweza kufanya kazi na kujitegemea. Mwaka 2025 serikali ikazindua mpango uitwao Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi polepole ziwe miji ambamo mwenyeji na mgeni watatumia huduma zilezile.

Jina hilo limechaguliwa vyema. Shirika halina maana ya kampuni au chama tu, kwa kuwa ndimo yalimo kushiriki na ushirika. Lakini watu watashirikiana vipi pasipo kusikilizana? Katika kambi moja ya Kakuma utamsikia mtu akisema Kidinka, jirani yake Kinuer, wa tatu Kiarabu cha Juba, wa nne Kisomali, wa tano Kioromo, wa sita Kirundi, na muuza duka akijaribu kuwaunganisha wote kwa Kiswahili cha kuokoteza. Ni mahali ambapo mwanaisimu angeweza kukaa miaka kumi asimalize kazi yake. Kwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, hata hivyo, wingi huo wa lugha ni ukuta.

Ukuta huo hutobolewa na mkalimani. Hapa sina budi kutofautisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Mfasiri hushughulikia maandishi, ana kamusi mezani na anaweza kulala na neno moja hadi asubuhi. Mkalimani hushughulikia usemi, papo kwa papo, mbele ya watu wawili wasioelewana, na kila mmoja anamwamini kwa sababu hana njia ya kumsahihisha. Katika usaili wa kuomba hifadhi, maneno yanayoandikwa katika faili si ya mkimbizi bali ya mkalimani. Afisa atakayesoma faili ile baada ya miezi sita atatafuta mambo yanayopingana, na akiyapata atasema huyu ni mwongo.

Tuchukue mifano. Mtu kutoka Kivu anasema, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba yaya wake alitekwa na waasi. Kwa Mkenya, yaya ni msichana aliyeajiriwa kulea mtoto. Kwa Mkongo, yaya ni kaka au dada mkubwa. Mkalimani Mkenya asiyejua hilo ataandika kwamba aliyetekwa ni mtumishi wa nyumbani, na msiba wa familia utageuka kuwa habari ya mtu baki. Mtu huyohuyo akisema ndugu yangu aliuawa, kisha katika usaili wa pili akaeleza kwamba marehemu alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, faili ya Kiingereza itaonyesha kwamba mara ya kwanza alimtaja kaka na mara ya pili akamtaja binamu. Sisi tuliozaliwa katika utamaduni huu hatuoni kosa lolote hapo, kwani mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Lakini anayesoma kwa jicho la lugha nyingine huona uongo.

Saa nazo zina mtego wake. Mswahili huanza kuhesabu saa tangu alfajiri, na Mwamhara wa Ethiopia hufanya vivyo hivyo. Anayesema askari walivamia nyumba saa mbili usiku, halafu mkalimani akalihamisha neno mbili bila kuhamisha mfumo wa kuhesabu, atakuwa ameisogeza hadithi nzima kwa muda wa saa sita. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13, nayo iko nyuma ya kalenda tunayoitumia kwa miaka saba au minane kulingana na wakati wa mwaka. Majina vilevile yana kanuni zake. Msomali ana jina lake, la baba yake na la babu yake, wala hana jina la ukoo kwa maana inayotakiwa na fomu zetu, kwa hiyo mke, mume na watoto wanaweza kuonekana katika karatasi kama watu wasio na uhusiano wowote. Wengine hawakuzaliwa mahali penye cheti cha kuzaliwa, na ndiyo sababu daftari za wakimbizi ulimwenguni zimejaa watu wanaodaiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari.

Fauka ya hayo, kuna swali la lahaja. Tumezoea kusema kwamba Wasomali ni taifa lenye lugha moja. Usemi huo hauwatendei haki wasemaji wa Kimaay, lugha ya wakulima wa nchi iliyo kati ya mito Juba na Shabelle, ambayo msemaji wa Kisomali cha kaskazini haielewi kwa urahisi asipojifunza. Katika bonde la Juba wapo pia Wazigua, ambao wazee wao walipelekwa huko kama watumwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, na ambao hadi sasa wanasema Kizigua, lugha ya Kibantu iliyo jirani ya karibu ya Kiswahili. Vita vilipowatupa Dadaab, waliandikishwa kama Wasomali na kuletewa wakalimani wa Kisomali. Baadhi yao walielekea Tanga, na Tanzania ikawapa makazi huko Chogo, wilayani Handeni, kisha ikawafungulia njia ya uraia. Lugha ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yao iliyo hai ya mahali walikotoka.

Lugha hiyohiyo inaweza kumhukumu mtu. Wakazi wa mji wa Barawa, wasemao Chimwini, na Wabajuni wa visiwa vilivyo kusini mwa Kismayu, wasemao Kitikuu, walikimbilia pwani yetu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wengi walikaa katika kambi za Mombasa kama vile Utange kabla ya kambi hizo kufungwa. Baadhi yao walifika Ulaya. Huko mashirika ya uhamiaji yaliwarekodi sauti na kuwapa wachanganuzi waamue kama kweli wanatoka Somalia ama ni Wakenya wanaojifanya wakimbizi. Hebu fikiria ugumu wake! Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka ambao haukuchorwa na wao. Kijana wa Kibajuni aliyezaliwa Chula akalelewa Mombasa atasema Kiswahili chenye alama za Mombasa. Je, matamshi yake yanathibitisha uraia wake? La hasha. Matamshi huonyesha mtu alilelewa katikati ya watu gani, lakini hayaonyeshi ana pasipoti ya wapi. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo uliotahadharisha juu ya jambo hilohilo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikishughulikia kesi za watu waliodai kutoka Somalia, ilisisitiza kwamba mchanganuzi wa lugha asivuke mipaka ya ujuzi wake na kuanza kuamua nani mkweli na nani mwongo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanatuhusu sisi wasomi wa Kiswahili moja kwa moja. Ni nani anayepaswa kujua tofauti ya Kitikuu cha Faza na cha visiwa vya Somalia, kama si vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania? Mohammad Imam Abasheikh, mwana wa Barawa, aliichunguza sarufi ya Chimwini katika tasnifu yake ya uzamifu nchini Marekani mnamo 1978, miaka kumi na mitatu kabla ya mji wake kutawanywa na vita. Kazi kama hiyo huonekana ya anasa wakati wa amani. Wakati wa taabu inakuwa ushahidi.

Sasa tutoke katika ofisi ya usaili twende katika kliniki ya mtaa. Hapa mkalimani rasmi ni nadra, na kazi yake hufanywa na mtoto. Msichana wa miaka kumi na mmoja anaondolewa shuleni siku nzima ili amfuatane mama yake hospitalini, kwa kuwa yeye amekwisha kujifunza Kiswahili na mama hajui. Mtoto huyu atalazimika kumwuliza mama yake maswali ambayo mila zote zinazojulikana Afrika zinamkataza kuyauliza, kisha ampe majibu ya daktari ambayo mtu mzima angeyatafutia maneno ya faraja. Vipi atamwambia mama yake kwamba mimba imeharibika? Isitoshe, akikosa neno atalibuni au ataruka. Mzigo huo haustahili kuwekwa juu ya kichwa cha mtoto.

Wanawake waliotendewa unyama njiani wana tatizo jingine. Ni wachache mno watakaolitaja tendo hilo kwa jina lake. Kwa Kiswahili atasema walinivunjia heshima, au waliniharibu. Mkalimani asiyefunzwa ataandika kwamba alitukanwa tu, na mwanamke huyo atakosa matibabu na ulinzi anaostahili. Mkalimani mwenyewe akiwa ni mwanamume wa mtaa uleule, au wa kabila ambalo lilipigana na la mwanamke huyo, atanyamaza kimya. Mkalimani aliyefunzwa kutunza siri, kutoegemea upande na kusema nisamehe sikuelewa, ana thamani kuliko mtu anayejua lugha kumi bila maadili hayo.

Walimu wenzangu mnalijua tatizo la tatu kuliko ninavyolijua mimi. Mkataba wa 1951 unataka mtoto mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mtoto wa nchi. Shule za serikali za Eastleigh na mitaa mingine ya Nairobi zimewapokea watoto hawa, na wale wa kambini husoma mtaala wa Kenya. Lakini mvulana wa miaka kumi na minne aliyekuwa hodari wa hesabu kwa Kifaransa huko Bukavu, akifika hapa, huketishwa na watoto wa miaka minane kwa sababu hajui Kiingereza, na Kiswahili chake kinachekwa. Akisema franga badala ya pesa, au kalasi badala ya darasa, darasa zima linaangua kicheko. Ilhali mtoto huyo hajakosea. Anasema Kiswahili cha mamilioni ya watu, chenye historia yake na kanuni zake. Mwalimu anayekisahihisha kwa dharau anamfundisha kunyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza yu karibu na kuacha shule.

Najua nitaulizwa: Kwa nini tuwatafutie wageni wakalimani ilhali Wakenya wenyewe hawana? Swali hilo ni halali. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inamtaka askari amweleze anayekamatwa sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo asipoelewa lugha ya mahakama. Kwa maneno mengine, Katiba imekutajia mkalimani waziwazi endapo utashtakiwa kwa wizi, lakini haikukutajia endapo utapelekwa hospitali ukiwa mahututi. Bibi wa Kiturkana anayefika katika hospitali ya rufani kutoka kijiji cha mbali, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, yuko katika hali ileile ya bibi wa Kinuer aliyelala kitanda cha pili. Kwa hiyo huduma ya ukalimani ikijengwa vyema kwa ajili ya Kakuma, mwenyeji naye atafaidika. Haja hizi mbili hazishindani hata kidogo.

Nitaulizwa pia habari za gharama. Jibu langu ni kwamba gharama tayari tunailipa, ila kwa njia iliyofichika. Tunailipa kwa dawa isiyofaa aliyopewa mgonjwa asiyeeleweka, kwa rufani zinazotokana na usaili mbovu, na kwa kijana aliyeacha shule. Australia ilianza mwaka 1973 kutoa ukalimani kwa njia ya simu kwa wahamiaji wake, wakati simu ilikuwa chombo kilichofungwa ukutani. Leo karibu kila mtu Kakuma anamjua mwenye simu ya mkononi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi sasa, hospitali zinazowapokea Wakongo zimewatafuta wakalimani wa Kiswahili kwa njia hiyohiyo ya simu, na miongoni mwao wamo Wakenya. Ujuzi tunao. Tumeuuza ng'ambo kabla ya kuutumia nyumbani.

Basi nini kifanyike? Kwanza, ukalimani wa jamii utambuliwe kuwa kazi yenye mafunzo, cheti na malipo. Walio bora kabisa kuifanya wamo miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wale vijana waliokulia kambini wakajua lugha tatu au nne. Leo wengi wao huitwa watu wa kujitolea, wakapewa posho ndogo kwa kazi inayobeba maisha ya watu. Wapewe miezi michache ya mafunzo ya istilahi za afya na sheria pamoja na maadili, kisha wapewe ujira unaolingana na jukumu lao.

Pili, vyuo vikuu vyenye idara za isimu na Kiswahili vifungue milango. Wanafunzi wetu huandika tasnifu nyingi kuhusu viambishi na mashairi, jambo ambalo ni jema. Lakini hakuna kinachozuia baadhi yao kutunga faharasa ndogo ya maneno ya kliniki kwa Kimaay, Kinuer na Kiswahili, au orodha ya maneno ambayo Kiswahili cha Kongo na cha Kenya huyatumia kwa maana tofauti. Kijitabu cha kurasa ishirini mkononi mwa muuguzi kinaweza kuwa na manufaa zaidi ya tasnifu tatu kabatini.

Tatu, shule ziwe na darasa la mpito la lugha, hata kama ni saa moja kila siku baada ya masomo, ili umri na akili ya mtoto visipimwe kwa Kiingereza chake cha wiki ya kwanza. Na hapa wanafunzi nanyi mna wajibu usiohitaji bajeti ya serikali. Mwenzako akisema yaya, mwulize maana yake kabla ya kucheka. Utajifunza neno, naye atapata rafiki.

Nne, asasi za kutetea haki ziendelee na kazi yake. Kituo cha Sheria kilipofika mahakamani, Mahakama Kuu ilibatilisha mnamo Julai 2013 amri ya serikali ya Desemba 2012 iliyowataka wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Ushindi ule ulipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliosikiliza visa vya wakimbizi na kuviweka katika lugha ambayo hakimu anaielewa. Huo nao ni ukalimani wa aina yake.

Waswahili walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo haimtaji mgeni kuwa mzigo, bali humwona kama mtu anayekuja na dawa, habari na ujuzi ambao mwenyeji hakuwa nao. Lakini hakuna mgeni aliyewahi kumponya mwenyeji asiyemsikiliza. Mtu anapobisha hodi, jibu letu la desturi ni karibu, na baada ya karibu humpa kiti na kumwuliza habari za atokako. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini Kenya imesema karibu na kutoa kiti. Swali la habari ndilo tulilolifanyia uvivu, na ni wajibu wa sisi tuliosomea lugha kuhakikisha kwamba linaulizwa, na kwamba jibu lake linasikika kama lilivyotamkwa.